Stata ya Alhaji

Injini ya dizeli haina cheche. Jambo hilo nililijua hata usingizini, wakati mafundi wa Kondoa bado wanatafuta plagi za petroli kwenye pikapu za dizeli. Dizeli inawaka kwa sababu hewa ndani ya silinda imebanwa mpaka ikawa moto, na haiwezi kubanwa hivyo kama stata haiizungushi injini kwa kasi. Injini ikizunguka kivivu, joto linapotea kabla mafuta hayajafika. Asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ya kwetu ikiwa imeingia kwenye chuma, utapiga stata mpaka betri izimie. Kwa hiyo gari la dizeli likichelewa kuwaka, mtu mwenye akili haanzi kufungua pampu. Anauliza umeme unatoka wapi, unapita wapi, na unafika ukiwa na nguvu gani.

Hayo niliyajua kwa jasho langu. Sikupelekwa na serikali wala sikuwa na mjomba wizarani. Niliondoka kijijini kwetu Busi na shati moja, nikaosha vyuma kwenye gereji za Dar es Salaam, nikavuka kwenda Maskati nikalala chini ya magari ya watu, na kwa nilichokikusanya huko nikajilipia chuo India hadi nikapata stashahada ya umeme wa magari. Niliporudi, nilirudi na sanduku la spana zinazong'aa, mita ya kupimia umeme kwenye mkoba wa ngozi, na stashahada yangu kwenye fremu ya kioo. Niliitundika ukutani kabla sijanunua kitanda.

Gereji niliifungua Kondoa mjini. Busi sikutaka kurudi. Watu wa kwetu milimani ni wakulima wazuri na wacha Mungu, lakini nilipopita kusalimia walikuwa wakiniuliza kama India wanalima ulezi, na wazee walinishika kichwa kama ningali mtoto wa kuchunga mbuzi. Sikuvuka bahari ili nije kushikwa kichwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa redio na sabuni za kunukia, na magari yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kupanda mpaka kwetu, milango yake bado ina vibandiko vya maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mmoja wa walionunua alikuwa Alhaji. Simtaji jina. Alikuwa mtu wa mjini hasa, wa ukoo wa wale waliokuja na misafara wakabaki, mwenye duka la jumla karibu na msikiti, mwenye kanzu isiyopata kuwa na doa. Pikapu yake ya dizeli ilibeba karanga, maharage, asali na watu, kati ya Kondoa na vijiji vya milimani, Busi ikiwa mojawapo.

Nilipofungua gereji, pikapu hiyo tayari ilikuwa kichekesho. Haikuwaka bila kusukumwa. Ilikuwa inaegeshwa kwenye mteremko ulio juu ya soko, na kila asubuhi abiria walishuka, wakaweka mizigo yao chini, wakasukuma. Wanawake wa sokoni waliiita Bibi Harusi, kwa sababu haiendi mpaka isukumwe mgongoni.

"Leo Bibi Harusi kalia?" mmoja aliuliza.

"Kalia mpaka kamasi zimemtoka. Moshi ule wote hukuuona?"

Pikapu hiyo ilikuwa na dereva, mtu wa makamo kutoka Busi, mpole, mwenye tabia ya kuifuta dashibodi kwa mkono wa shati lake. Nyumba ya baba yake na ya baba yangu zilitenganishwa na shamba moja. Kabla ya udereva alikuwa kibarua wa kupakia magunia. Usukani ule ndio uliompatia mke, binti wa mtu aliyekuwa na ng'ombe wengi, ambaye asingemtazama mpakia magunia mara mbili. Na wakati ninaousimulia, usukani ulikuwa unamponyoka.

Kisa chake kilikuwa hivi. Gari lilipokuwa jipya kwao, liliwaka kwa kugusa. Kisha dereva alitumwa Dodoma na mzigo, na huko betri zikafa zote mbili, maana zilikuja na gari na zilikuwa zimezeeka. Akasukumwa, akarudi bila kuzima injini njia nzima. Alhaji akanunua betri mpya mbili, fundi akazifunga, na tangu siku hiyo stata ikawa inazunguka kama mtu anayekoroga uji mzito. Taa nazo zikafifia. Betri zikaanza kuchemka njiani mpaka maji ya asidi yakamwagika kwenye magunia.

Aliyezifunga betri hizo alikuwa fundi mkubwa wa mji, mzee aliyefundishwa kazi na Waingereza kwenye matrekta ya karanga Kongwa, enzi zake akiwa kijana. Hakuna aliyeweza kukaa naye bila kusikia neno Kongwa. Alipoulizwa kwa nini stata imelegea, aliinama chini ya boneti, akatikisa kichwa, akamwambia Alhaji mbele ya watu, "Hii si stata tuliyoijua. Hii imebadilishwa. Gari lilikwenda Dodoma zima, likarudi na moyo wa maiti."

Basi. Nani aliyekwenda nalo Dodoma? Kila mtu alijua. Dereva aliapa hakuuza stata wala hakubadilisha hata skrubu. Alhaji hakumpeleka polisi. Alifanya kilichoogopwa zaidi. Alitangaza kuwa Ijumaa, baada ya sala, itasomwa albadiri, na aliyeiba stata au aliyekula kilichotokana nayo ajue mwenyewe. Kwetu albadiri haichezewi. Watu wanasema humpata mwizi, mkewe, wanawe, na kuku wake. Jumatatu ya wiki hiyo baba mkwe wa dereva alishuka kutoka Busi, akamchukua binti yake na wajukuu zake wawili. "Ikishasomwa ukabaki mzima, na ukabaki na kazi, njoo uwachukue," alimwambia. "La sivyo, nitakutumia watu tumalize mambo kwa heshima."

Alhamisi dereva alikuja gereji kwangu. Hakuwa ameoga. Alisimama mlangoni akitazama stashahada ukutani.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe ni wa kwetu. Njoo uitazame ile gari. Wewe umesoma."

Neno hilo "wa kwetu" lilinichoma. Ndani walikuwamo wateja wawili wa mjini, wamekaa kwenye matairi, wakatazamana.

"Mimi ni fundi wa kila mwenye gari," nilimjibu. "Mwenye gari ni nani?"

"Alhaji."

"Basi Alhaji aje."

Akaenda, akamsihi Alhaji, na Alhaji akaja, maana hata yeye alikuwa amechoka kuona mali yake inasukumwa na akina mama. Alasiri ile ile nilipanda mteremko na mkoba wangu. Sikuruhusu mtu kusogea. Alhaji alirudi dukani, dereva akakaa kwenye jiwe.

Kazi ya kutafuta hitilafu ya umeme si kubahatisha. Niliweka mita kwenye betri ya kwanza: ilikuwa nzima. Ya pili: nzima. Nikamwambia dereva apige stata huku nimeshika waya mnene. Haukupata moto wa kutisha, wala nguvu haikupotea njiani. Nilipima kutoka kwenye betri hadi kwenye stata, kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi. Kila waya ulikuwa unafanya kazi yake. Hapo fundi wa kubahatisha angekwama, aseme ni jini. Mimi nililala chini, nikafuta grisi kwenye ubavu wa stata kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na kibati cha kiwandani kikatokea. Volti ishirini na nne. Nikatazama boliti zake. Rangi ya kiwanda ilikuwa imeziba kichwa cha kila boliti, haijakwaruzwa. Spana haikuwahi kugusa stata ile tangu iondoke Japani.

Nikatoka chini ya gari nikatazama jinsi betri zilivyofungwa, nikacheka peke yangu.

Gari la volti ishirini na nne lina betri mbili za volti kumi na mbili, zinazoshikana kama mabehewa: chanya ya moja inafungwa kwenye hasi ya mwenzake, nguvu zao zinajumlishwa. Mzee wa Kongwa alikuwa amezifunga ubavu kwa ubavu, chanya na chanya, hasi na hasi. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakifanya kule kwenye matrekta asubuhi za baridi: unaleta betri ya pili pembeni imsaidie mwenzake. Zikifungwa hivyo betri zinadumu muda mrefu zaidi, lakini nguvu inabaki kumi na mbili ile ile. Alipoona waya mmoja mfupi kati ya betri, alidhani Wajapani wamesahau waya wa pili, akawasahihisha. Stata ikapata nusu ya nguvu yake. Plagi za kupasha moto zikapata nusu pia, na nusu ya volti inatoa robo tu ya joto. Hesabu hiyo aliyesoma anaijua. Altaneta ikaendelea kutema umeme wa ishirini na nne kwenye betri za kumi na mbili, ndiyo maana zilichemka. Na mzee, badala ya kujiuliza, akaukata waya wa altaneta, akatangaza kuwa altaneta za Kijapani zina hasira, akawa anazipeleka betri kuchajiwa kila wiki. Taa zilipofifia, akatoa globu za ishirini na nne akaweka za kumi na mbili.

Kosa moja, na makosa manne ya kulifunika.

Dereva aliinuka kwenye jiwe. "Umeona nini?"

"Nimeona."

"Imebadilishwa?"

Nilikuwa nafunga mkoba wangu. Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Lakini nilikuwa mgeni katika mji ule, fundi mwenye stashahada na wateja wa kuhesabika, na nilijua kuwa jibu likitoka pale mteremkoni, mbele ya mbuzi na dereva, kufikia usiku litakuwa ni la kila mtu. Mzee angesikia, angekwenda gizani kubadilisha waya zake, na Ijumaa angesimama akisema ni yeye aliyegundua. Fundi asiye na mashahidi hana kazi.

"Kesho," nilimwambia. "Baada ya sala."

"Mwanangu, kesho ndiyo wanasoma."

"Watakuwepo watu."

Alinitazama kama aliyetaka kuniuliza kitu kingine, kisha akaketi tena kwenye jiwe lake. Nilisikia baadaye kuwa hakurudi nyumbani, alilala ndani ya gari. Mimi nililala vizuri.

Ijumaa baada ya sala watu waliotoka msikitini hawakutawanyika. Walikuwa wengi kuliko siku ya maziko ya tajiri. Nilimwomba Alhaji awape masheikh wa albadiri viti wasubiri kidogo, gari, lililokuwa limeteremshwa asubuhi hadi uwanja wa msikiti, litazamwe kwanza. Nilivaa ovaroli nyeupe niliyotoka nayo India. Mzee wa Kongwa alikuwa mstari wa mbele, mikono nyuma.

"Karibu, Injinia," alisema kwa sauti ya kusikika. "Hiyo mita yako inapima nini, homa?"

Watu wakacheka.

"Inapima ujinga, mzee," nilimjibu. "Nikiileta karibu nawe, mshale wake utavunjika."

Walicheka zaidi, na safari hii yeye hakucheka. Nilimwita asogee kabisa, ashuhudie. Nilimwonyesha kibati cha stata mbele ya Alhaji, nikamwomba asome. Alisema hakuja na miwani. Nikamwita mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa karibu, akasoma kwa sauti: ishirini na nne. Kisha nikamwelekeza mwalimu huyo huyo asome kwenye betri: kumi na mbili, na kumi na mbili. Nikamwonyesha Alhaji rangi kwenye boliti za stata. "Hii haijafunguliwa na mtu yeyote," nilisema. "Ni ile ile uliyoinunua."

Minong'ono ikaanza. Dereva alikuwa nyuma, amesimama kwenye kivuli cha ukuta.

Sikuishia hapo. Niliufungua ule waya wa ziada wa mzee nikautupa chini mbele ya miguu yake, nikaunganisha betri kama zinavyotakiwa, nikaurudisha waya wa altaneta. Nikamkabidhi Alhaji ufunguo. Stata ililia mara moja, kali, na injini ikashika. Bibi Harusi alikuwa amesimama mahali pa tambarare, na hakuna aliyemsukuma. Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele.

Hapo wengi wangeridhika. Mimi nilimgeukia mzee, nikasema naye kwa upole kama mkwe.

"Mzee wangu, heshima yako bado ipo. Hebu wewe mwenyewe tuwashie taa, watu waone."

Nadhani alishukuru. Alikuwa anatafuta kitu cha kufanya na mikono yake. Akaingia, akakaa kwenye kiti cha dereva, akavuta swichi. Taa kubwa ziliwaka nyeupe kuliko jua, watu wakasema "aa", kisha zikapasuka, kulia na kushoto, na za nyuma zikafuata, na kataa kadogo ka dashibodi kakazima mbele ya macho yake. Mkono wake ulibaki kwenye swichi.

"Nani aliweka globu za volti kumi na mbili kwenye gari la ishirini na nne?" nikauliza umati.

Wote walikuwa wanamtazama mzee.

"Na zile zilizokuja na gari ziko wapi?"

"Zipo," alisema taratibu. "Kwangu. Kwenye kopo."

"Kalete."

Alishuka. Watu wakampisha njia, akaenda na kopo lake akarudi nalo, akiwa amelishika kwa mikono miwili. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kongwa hiyo inapita," na kicheko kikamsindikiza mpaka alipofika kwangu. Nilizifunga globu zote mbele yake, moja moja, bila haraka. Masheikh walifunga vitabu vyao wakaaga. Toka siku hiyo mzee alitengeneza dinamo za baiskeli, na gari lililoharibika upande wowote wa wilaya lilikuja kwangu.

Nilipokuwa nanawa mikono, dereva alimsogelea Alhaji. Alikuwa amefuta uso, ameingiza shati ndani ya suruali.

"Alhaji," alisema, "Mungu ameonyesha."

"Ameonyesha," Alhaji alimjibu. "Hukuiba. Nakusamehe na wewe unisamehe."

"Nimesamehe, Alhaji. Sasa kesho ni siku ya Busi. Niliwashe mapema?"

Alhaji aliuzungusha ufunguo kwenye kidole. Hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kwanza.

"Hapana. Ataendesha mwana wa dada yangu."

"Lakini umesema sikuiba."

"Nimesema, na nitasema kwa yeyote. Lakini mtu niliyekwisha kumtuhumu mbele ya mji mzima siwezi kumpa ufunguo wangu. Kila utakaponitazama, utanitazama kwa jambo hilo. Sitaweza kukugombeza hata ukichelewa. Tafuta kwingine, na kila la heri."

Dereva aligeuka akanitazama mimi. Alitaka niseme neno. Alhaji naye alinitazama, na Alhaji alikuwa ameniambia muda mfupi tu kabla ya hapo kuwa ana lori linakuja na atataka fundi wa kudumu.

"Mimi niliitwa kutazama gari," nilisema. "Gari ni zima."

Nilimaliza kunawa.

Siku chache baadaye dereva alipanda Busi kumfuata mkewe. Alirudi peke yake, akaenda kupakia magunia kwenye maghala. Kisha akaja baba mkwe mwenyewe gereji kwangu, mzee mrefu na fimbo yake, vumbi la njia nzima kwenye ndala zake. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti. Alikuwa amenijua tangu nikitambaa.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuuliza wewe, maana wanasema wewe hudanganyi. Huyu mkwe wangu anasema alisafishwa Ijumaa. Nami namwuliza, aliyesafishwa mbona hakurudishiwa kazi? Niambie. Aliiba, hakuiba?"

"Stata ilikuwa ile ile ya kiwandani, mzee. Haijafunguliwa."

"Sikuulizi ya stata. Pengine aliiba kingine. Mafuta. Mizigo ya watu. Mtu hafukuzwi bure."

"Hayo mimi sikuyapima."

"Basi unamjua. Mmekua shamba kwa shamba. Ni mtu wa kuiba?"

Watu wa mjini walikuwepo, wateja wangu, wamekaa kwenye matairi yale yale wakisikiliza, na mzee alikuwa akiongea Kirangi cha kwetu sasa, kwa sauti, kama tuko uani kwake. Nilimjibu kwa Kiswahili.

"Mzee wangu, mimi ni fundi umeme. Ukitaka habari za mtu, muulize kadhi."

Alichora ardhi kwa ncha ya fimbo. Baadaye aliinuka, akanishukuru kwa kiti, akasema amepata jibu alilokuja kulitafuta. Kabla ya mavuno ya ulezi talaka ilitoka, na binti akaolewa upande wa Haubi na mtu mwenye mashine ya kusaga.

Mashine hiyo ilikuwa ya dizeli. Niliwahi kuitwa kwenda kuitazama, maana ilikuwa inachelewa kuwaka asubuhi. Ilikuwa hewa tu kwenye bomba la mafuta. Niliitoa, ikawaka, nikapewa chai na mama mwenye nyumba, aliyeniwekea kikombe mezani bila kunisalimia.